Makofi ya Mikono Miwili

Jumatatu, 13 Januari 2025

Itangazwe kwa umma, kwa serikali ya mtaa na kwa wote wasiohusika: leo asubuhi, saa tatu kasoro dakika tano, mimi Polikarp, fundi baiskeli, nimefunga kifungo kimoja cha shati. Cha tatu kutoka juu. Vifungo vingine vinne viliendelea kufungwa na binti yangu Silvana kama kawaida.

Mkono uliofunga ni wa kulia. Ule uliokufa Novemba.

Daftari hili nimepewa na Masalu, dada wa mazoezi pale hospitali. Kila siku mistari mitatu, kwa mkono mbovu. Niandike nini? Chochote, mzee wangu, hakuna atakayesoma. Kalamu nimeizungushia kipande cha tyubu ili isiteleze. Mistari mitatu imepita zamani. Mkono unawaka moto.

Jumanne, 14 Januari

Mvua.
Huu ni mstari wa pili.
Huu wa tatu.

Alhamisi, 16 Januari

Kwa kumbukumbu, maana kichwa nacho sikiamini sana siku hizi. Kiharusi kilinikuta uani kwangu kijijini, mbele ya Laela, nikinyoosha rimu ya baiskeli ya katekista. Nilishika spoku nikaona haiko. Yaani ipo — mkono ndio hauko. Nikaangukia gurudumu. Mke wangu Kristiana alisema baadaye kwamba alidhani nimelala kazini. Hakukosea sana, haikuwa mara ya kwanza.

Wiki tatu hospitali, hapa Sumbawanga. Kisha nikaruhusiwa, lakini si kwenda kwangu. Nikae kwa Silvana, karibu na mazoezi, Jumanne na Ijumaa. Kristiana akarudi kuangalia shamba. Alikuja Krismasi, siku mbili. Tangu hapo ni simu.

Rimu ya katekista haijanyooka mpaka leo. Anatembelea waumini kwa miguu.

Jumapili, 19 Januari

Simu ya Kristiana. Kijijini mtandao unashika juu ya kichuguu nyuma ya shule. Watu wanapanda Jumapili baada ya ibada, kwa foleni. Unapanda, unasema yako, unashuka, anapanda mwingine. Kwa hiyo mambo ya mume na mke yanasikilizwa na kigango kizima, waumini wote wa kijiji.

Kabla ya kusema neno alifanya kile anachofanya kila asubuhi, miaka thelathini na minne sasa. Aliweka simu chini, akachuchumaa, akapiga makofi. Nilisikia majani, kisha makofi yenyewe. Mapole, ya viganja vilivyokunjwa. Sisi Wafipa hatusalimiani kwa kupungiana. Mtu anashuka chini, anapiga makofi, anauliza umeamkaje, na wewe unapiga yako, unajibu. Hata kama una haraka. Basi likikuacha, likuache.

Mimi siku zote nilijibu nikiwa nimeketi. Makofi mawili ya uvivu, spana mapajani. Leo nikapiga paja kwa mkono wa kushoto.

Akasema, "Hilo ni kofi au unaua mbu?"

Kigango kizima kilicheka. Nilisikia mpaka watoto.

Nikacheka na mimi. Baadaye, simu ilipokatika, nikabaki nimeishika. Miaka thelathini na minne nilikuwa na mikono miwili, nikaitumia kivivu.

Jumanne, 21 Januari

Nilimuuliza Masalu lini naenda nyumbani. Masalu ni Msukuma, miaka kama ishirini na sita, mabega ya mkulima wa pamba. Hasemi uongo, na hilo ni tatizo.

Akauliza choo cha kijijini kikoje. Cha shimo, nikasema, kizuri, nilichimba mwenyewe. Kina kiti? Hakina. Kuna cha kushika? Kuna imani. Mbali na nyumba? Hatua ishirini na tatu, mteremko.

Akaandika kwenye faili. Kisha akasema: siku nitakapochuchumaa mpaka chini na kuinuka mwenyewe, bila kushika kitu, mara tano, mbele ya macho yake, ataniandikia barua ya kurudi kwangu. Kabla ya hapo, mzee wangu, ukiteremka huko hupandi.

Elimu yangu ni darasa la saba. Baada ya hapo nilijisomea magazeti yaliyofungia vitumbua, kwa hiyo habari nyingi za dunia nazijua bila mwisho wake. Lakini hii naijua mwisho. Kati yangu na mke wangu kuna tundu la choo.

Nilijaribu pale pale. Nilifika nusu, kama mtu anayetaka kuketi halafu amekumbuka jambo. Kisha nikaketi kweli. Sakafuni.

Ijumaa, 24 Januari

Kuhusu mkwe. Mume wa Silvana anaitwa Victor, mtu wa Wampembe, kule ziwani, analeta dagaa mjini. Mtu mwema. Lakini mkwe ni mkwe. Hawezi kunishika kiuno. Hawezi kuingia chumbani kwangu. Na mimi siwezi kumwita nikiwa bafuni.

Jana niliteleza bafuni, nina taulo tu. Silvana alikuwa sokoni. Victor alisikia kishindo, akaja mpaka mlangoni.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba," nikasema, nikiwa chini.

"Kuna tatizo, baba?"

"Hapana. Napumzika."

"Haya, baba."

Akasimama hapo hapo, ameupa mlango mgongo, akanihadithia dhoruba moja ya ziwani iliyowahi kuwapeleka karibu na Kongo. Hadithi ya nusu saa. Silvana alipoingia langoni, Victor akaikatisha katikati ya mawimbi, akaenda zake. Sijui kama walifika.

Sitaki kukaa hapa. Wananitunza mno.

Jumapili, 26 Januari

Kristiana juu ya kichuguu. Makofi yake. Nikajibu kwa mdomo tu.

Matuta yameanza. Kwetu hatulimi kama watu wa mahali pengine. Mvua zikiwa bado zinanyesha, unakata majani pamoja na udongo wake, unayapindua, unarundika tuta la mviringo, majani yanaozea ndani. Mwaka unaofuata unalibomoa na kumwaga ulezi. Lazima umalize kabla mvua hazijakatika, la sivyo ardhi inakuwa sufuria. Kila mtu wa nyumba ana safu yake. Yeye huanzia upande wa mto, mimi upande wa njia, tunakutana katikati siku ya mwisho, tunagombana nani amechelewa.

Nikamuuliza nani anapindua safu yangu mwaka huu. Majirani wamekuja, akasema, pombe imepikwa, wamefanya kazi.

"Na safu yangu?"

"Safu yako ipo."

Foleni ikamshusha. Ipo — maana yake nini? Nimekaa na neno hilo mchana wote.

Jumanne, 28 Januari

Mara mbili. Kwa kushika vyuma. Masalu anasema nikishika vyuma haihesabiwi.

Anapaza sauti, "Chuchumaa. Simama. Chuchumaa. Simama." Mwili unamsikia kama mwanafunzi mkubwa anavyomsikia mwalimu mgeni.

Alhamisi, 30 Januari

Jambo limetokea na sina wa kumwambia, kwa hiyo daftari.

Asubuhi nilikuwa uani, nyuma ya jiko, mbele yangu kiti cha plastiki alichokikalia Kristiana Krismasi. Ukungu. Nilikuwa nakitazama tu. Nikamwona kama alivyokaa pale, ameficha mikono kwenye kitenge kwa baridi, akichambua maharage kwa macho tu kabla ya kuyagusa. Nikasema moyoni, ngoja nimwamkie. Nikashuka. Mpaka chini. Sikuwaza goti, sikuwaza kisigino. Na mkono wa kulia ukaja wenyewe. Ulichelewa, ukafika umepinda, ukagusa wa kushoto pembeni kama mgeni aliyekosea mlango. Lakini ulikuja.

Halafu nikashindwa kuinuka, nikatambaa mpaka ukutani.

Hata hivyo. Mwili haukuwa ukijua kuchuchumaa kwa ajili ya Masalu. Ulijua kuchuchumaa kwa ajili ya mtu.

Ijumaa, 31 Januari

Nilimweleza Masalu. Akaniomba nimwonyeshe. Nikamwamkia. Akasema kwao pia watu wanapiga goti, ila hakuwahi kuliona kama zoezi. Akahesabu: nyonga, goti, kifundo, bega, kiwiko, viganja kukutana, kuinuka. Yote yamo, akasema. Mzee wangu, mlikuwa na hospitali mkaiita adabu.

Amri yake: mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kwa kiti.

Jumatano, 5 Februari

Urbano ametuona. Mimi na kiti.

Urbano ni jirani wa upande wa pili wa ua, mtu wa Ilemba, wa bondeni, alikuwa mlinzi wa ghala mpaka ghala likaisha. Anajua kila kinachoingia na kutoka mtaani. Leo kichwa chake kilichomoza juu ya uzio wa matete nikiwa kwenye salamu ya saba.

"Mzee mwenzangu. Unamwamkia nani?"

Ningesema ni mazoezi. Maneno mawili. Lakini nilikuwa nimefurahi, makofi yalikuwa yamelia vizuri, na mimi nikifurahi huwa mjinga.

"Wakubwa," nikasema.

Akatazama kiti. Akanitazama mimi. Akavua kofia yake taratibu, akashuka nyuma ya matete bila kuaga.

Mji huu jina lake lenyewe linamwambia mtu atupe uchawi wake. Na kila mtu amesimama anamsubiri jirani atupe kwanza. Nilipaswa kukumbuka hilo.

Jumapili, 9 Februari

Leo kabla ya Kristiana, simu ilichukuliwa na katekista. Ananisamehe kuhusu rimu, anasema miguu inamfundisha unyenyekevu. Kisha akauliza, mzee Polikarp, hivi kule shambani kwako ni kitu gani kile? Kitu gani? Shamba zima limepinduliwa, akasema, ila katikati kumeachwa mstari wa majani, upana wa mtu mmoja, kutoka njiani mpaka karibu na mto. Watu wanadhani mama amesahau. Yeye akiulizwa anasema hajasahau.

Nikasikia Kristiana akimnyang'anya simu.

"Usimsikilize. Umeamkaje?"

Makofi. Leo nikajibu kwa mawili yangu. Mabovu, lakini mawili. Kigango hakikucheka.

"Hiyo ni mikono yako?"

"Yangu."

"Yote?"

"Mmoja na nusu."

Nilisikia upepo wa kichuguuni, na mtu nyuma yake akisema mama, foleni.

Jumatatu, 10 Februari

Safu yangu imesimama katikati ya shamba kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Usiku mzima nimeiona. Majani ya Februari yanafika magotini. Machi yatafika kiunoni. Mvua zinakatika mwisho wa Machi, pengine kabla. Sikumwambia nimeielewa. Na yeye hakuniambia ameiacha.

Ijumaa, 14 Februari

Mbili bila kushika. Ya tatu Masalu alinidaka kwenye kwapa.

Silvana ananiambia kukaa kwao mwaka mzima si aibu, baba. Amepata godoro jipya. Binti mzuri. Nikamwambia godoro ni jipya mno, linanizoea vibaya.

Jumapili, 23 Februari

Hakupiga. Nilikaa na simu tangu ibada mpaka jua likaondoka uani. Huenda mvua. Huenda foleni.

Jumapili, 2 Machi

Hakupiga. Nilipiga mimi, akapokea mtu mwingine, mama mmoja wa jumuiya yao. Akanisalimia kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. Akauliza kama nalala. Akauliza kama nasikia sauti. Nikasema nasikia yako. Akasema Kristiana yupo shambani. Jumapili?

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padri alinipaka usoni akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Kwa upande wa kulia nilishalijua.

Baada ya misa nimepata jibu la wiki mbili. Silvana alikuja kunichukua, uso umekunjamana. Tulipofika njia ya nyumbani akasimama.

"Baba, eti unawaamkia waliokufa?"

"Nani kasema?"

"Soko zima. Wanasema kila asubuhi unapiga magoti kwa wasioonekana, na wao wanakujibu."

"Wakinijibu ningekuwa na nafuu. Ni kiti, Silvana. Ni mazoezi."

"Najua ni mazoezi. Mimi nafua zile suruali. Lakini Urbano kamwambia kondakta wa basi la Laela."

Kondakta wa basi la Laela ni shemeji yake Urbano. Basi la Laela linaenda mpaka kwetu. Kwa hiyo habari ilifika kijijini siku ile ile, na nauli haikulipa. Mke wangu amesikia kwamba mume wake hakupigwa na kiharusi bali ameitwa, na sasa anaongea na waliomwita. Ndiyo maana kichuguu kimya.

Nilimwendea Urbano. Hatua sitini na moja na fimbo. Nikamwambia ukweli wote, mpaka tundu la choo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasikitika sana.

"Mzee mwenzangu," akasema, "hata hao wakubwa huwa wanawaambia watu wao ni mazoezi."

Jumapili, 9 Machi

Amepiga. Hakupiga makofi. Sauti ya ofisini.

Umeamkaje, nimeamka, umeamkaje, nimeamka.

"Nakuja Jumamosi," akasema. "Nije nikuone kwa macho yangu."

Nikaanza kueleza. Masalu, choo, kiti. Nilijisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Mtu anaeleza kwa haraka kwamba anaamkia kiti kwa sababu ya choo.

"Jumamosi," akasema. Akashuka.

Hakuniambia matuta. Sikuuliza safu.

Jumanne, 11 Machi

Nne.

Nne bila kushika, mbele ya Masalu, na mama mmoja mgonjwa wa goti aliyekuwa akisubiri zamu. Ya tano nilifika chini, nikaanza kupanda, mguu ukanong'ona kitu, nikashika chuma. Masalu akaandika nne kwenye faili. Barua ilikuwa mezani kwake, imeandikwa tayari, niliiona, bado sahihi tu. Akaifunika na kitambaa. Ijumaa hii sipo, akasema, Jumanne ijayo, mzee wangu.

Jumanne ijayo ni baada ya Jumamosi.

Mpango ni huu. Akishuka kwenye basi nitamwamkia. Mimi kwanza. Chini kabisa, mikono miwili, na kuinuka mwenyewe. Sitaeleza kitu. Akiona hivyo ataelewa yote mawili: kwamba sina wazimu, na kwamba choo nakiweza.

Alhamisi, 13 Machi

Kiti mara thelathini. Urbano amepandisha matete yake kwa mashada mapya. Vizuri. Na mimi simwoni.

Jumamosi, 15 Machi

Mkono una matope. Sijaunawa. Naandika hivyo hivyo.

Tulikuwa stendi saa tano, mimi na Silvana. Shati jeupe, vifungo vyote vitano mwenyewe, dakika kumi na moja. Basi la Laela liliingia saa saba. Mvua ilikuwa imepita, pale chini pamekuwa uji. Nikamwambia Silvana abaki nyuma yangu hatua mbili, na asinishike hata akiona nini.

Wakashuka wanafunzi. Akashuka mtu na mlango wa mbao mzima, bila fremu. Kisha yeye.

Amekonda. Au nilikuwa nimesahau ukubwa wake. Kitenge kile cha kijani. Kichwani kiroba cha unga wa ulezi, mkono mmoja kapu, mkono wa pili kuku. Kuku mweupe pe. Mimi si mjinga. Kristiana ni mweka hazina wa jumuiya, lakini najua kuku mweupe hapandi basi kwa ajili ya mchuzi.

Akaniona. Akasimama kwenye ngazi ya basi akanitazama, kama mtu anavyotazama daraja baada ya mafuriko, kabla hajaweka mguu.

Nikachuchumaa. Goti la kulia lilitetemeka, likashuka. Nikakunja viganja, nikapiga. Vikakutana katikati kabisa. Ile sauti yenyewe.

Nilikuwa sijafikiria hili: mwanamume, mzee, ameshuka kwenye matope mbele ya stendi nzima kumwamkia mke wake, tena yeye kwanza. Kwetu hakuna anayekumbuka kuona. Nikamsikia kondakta akimwambia dereva taratibu, "Si nilikwambia."

Kristiana akauliza, sauti ya chini kabisa, "Baba Silvana. Unamwamkia nani?"

"Wewe."

"Mimi nani?"

"Kristiana. Umebeba kiroba, na umemkanyaga mtu."

Akatazama chini. Kweli alikuwa amemkanyaga mwenye mlango, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa bado kwenye ngazi.

Hapo nikaona uso wake unafunguka, kidogo, upande mmoja, kama wangu. Na mtu wa kwetu akiamkiwa hapiti, hata awe amebeba nini. Akashuka ngazi. Akachuchumaa mbele yangu kwenye uji ule, kiroba kichwani hakikutikisika. Akaweka kapu chini. Akafungua mkono wa pili, akapiga makofi.

Kuku akaondoka.

Silvana alimkimbilia. Kondakta alimkimbilia. Mwenye mlango aliegemeza mlango kwenye basi, akakimbia naye. Tukabaki wawili chini. Hatukuikata salamu. Umeamkaje, watoto wameamkaje, shamba limeamkaje. Makofi yake na yangu. Nilitaka iwe ndefu kuliko desturi. Nadhani na yeye, maana aliuliza mpaka habari za Victor, ambaye hampendi sana.

"Safu?" nikauliza.

"Ipo. Majani yamefika kiunoni."

"Mvua?"

"Wiki mbili. Tatu Mungu akipenda."

Kisha akainuka. Hakunipa mkono. Simlaumu. Alikuwa anatazama alikokimbilia kuku, na hakuna aliyemwambia kwamba mimi nikishuka kupanda ni kazi nyingine. Nikaweka kiganja cha kulia kwenye matope nikasukuma. Haikutosha. Upande huo palikuwa na tairi la basi. Nikalishika, kwa mkono huo huo wa kulia, na ukakamata, ukavuta, nikasimama.

Nilimwona ameniona.

Kwa hiyo sijui. Masalu alisema bila kushika. Choo cha kijijini hakina tairi. Lakini mimi ni fundi, matairi ninayo, hata kama ni ya baiskeli, naweza kuchimbia moja pembeni ya tundu, nusu chini, nusu juu. Kwenye bajaji nilimwambia yote hayo kwa pumzi moja. Barua iko mezani. Jumanne namalizia ya tano, Jumatano tunapanda basi, safu naipindua hata kwa kukaa. Alikuwa ameshika mkono wangu wa kulia, anaugeuza juu chini, anakunja kidole kimoja kimoja, kama mtu anayenunua kitu kilichotumika.

"Kwa hiyo tunarudi wote?" nikamuuliza.

Aliuweka mkono wangu mapajani mwangu, vizuri, akaufunika na kitenge.

"Tumpate kuku kwanza," akasema.

Nikamwambia mimi si mgonjwa wa hivyo, kuku hahitajiki. Akasema najua. Kisha baada ya nyumba kadhaa akasema, "Lakini nimeshamtoa nyumbani."

Amebadilisha kitenge, amerudi stendi na Silvana. Victor amewafuata na wavu wake wa ziwani. Urbano naye amekwenda, nadhani kwa aibu, amesema anajua kuku wanapolala pale. Mimi niko uani na kiti. Makofi ya leo bado yamo viganjani. Nimejaribu ya tano, sasa hivi, bila mtu, bila tairi. Sitaandika ilivyokwenda mpaka nimwambie yeye.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Silvana amepiga simu. Kuku bado hajapatikana.